Ni Moshi Tu

Mama yangu, Harriet, amezaa watoto wanane, na hakuna mwanamke hapa ghubani anayenyonyoa bata bukini haraka kama yeye. Akisema jambo, sisi hufunga midomo. Nina miaka arobaini na bado namwogopa, wala sioni haya kusema.

Mei hii tulikuwa kambini wote kwa msimu wa kuwinda mabata bukini. Wifi yangu Daisy, mke wa kaka yangu Clarence, alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Kwetu kila mtu anajua: mjamzito akikutwa na presha pale zahanatini, ndege inampeleka mji wa kusini wenye hospitali siku hiyohiyo, akakae hotelini peke yake mpaka azae. Basi wanawake wetu hunyamaza mpaka msimu uishe. Ni ujinga, na ni ujinga wetu wenyewe.

Mtoto alizaliwa amekufa. Wiki moja baada ya maziko, Sista Colette, nesi wa zahanati, akaja nyumbani na faili lake. Mama alikuwa sakafuni ananyonyoa ndege wa mwisho, Clarence amesimama karibu na jiko.

"Daisy, mdogo wangu, sikuja kukusuta," sista akasema. "Daktari anataka kujua dalili zilianza lini. Kama zilianza mapema, mimba ijayo itabidi uangaliwe kwa namna nyingine kabisa. Kichwa kilianza kukuuma lini?"

"Asubuhi ileile mtoto alipoacha kucheza," Daisy akajibu. "Ghafla tu."

Uongo. Nilikuwepo hemani, penye moshi wa jiko, Jumanne ile, siku nne kabla mtoto hajaacha kucheza. Vidole vya Daisy vilikuwa vimevimba hadi tukamvua pete kwa mafuta ya bata. Alisema kichwa kinapasuka na macho yanaona vimulimuli. Mama hakuinua hata uso. "Ni moshi tu. Mimi nimevimba mimba zote nane. Nyonyoa." Nami nilisikia, nikaendelea kunyonyoa.

Sasa nilimtazama mama, na hasira zikanipanda. Kweli atamwachia binti wa watu mzigo huu? Manyoya yalizidi kuruka.

"Si umesikia, sista?" Clarence akasema. "Ghafla. Andika, uende zako."

"Wewe sijakuuliza. Ulibeba mimba wewe?" Sista akamgeukia Daisy tena. "Una hakika, mdogo wangu? Hakuna dalili yoyote kabla?"

Daisy akatikisa kichwa. Sista akainamisha kalamu.

"Jumanne," mama akasema.

"Mama, acha," Daisy akanong'ona.

"Siachi! Aliniambia Jumanne. Kichwa, macho, vidole. Nikamwambia ni moshi. Niandike mimi hapo, sista. Usimwandike yeye."

"Na mimi nilisikia," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, nikajichukia.

Clarence alipiga ukuta kwa kiganja. "Siku nne! Mama, barafu ya mtoni ilikuwa imeshayeyuka! Boti ilikuwa na mafuta! Siku nne umenipikia chai, hunambii?"

Mama alikuwa amemshika yule ndege kwa mikono miwili. Clarence akamsogelea, nikasimama katikati yao bila kujua ningefanya nini.

"Mwache mama," Daisy akasema. Alikuwa hata halii. "Mimi nilijua atasema ni moshi. Ndiyo maana nilimwambia yeye. Nilitaka kuambiwa nibaki."

"Na mimi je? Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe ungewasha boti."

Sista Colette aliandika Jumanne, akafunga faili. Clarence akakaa sakafuni palepale kwenye manyoya, akalia kwa sauti ambayo hatukuisikia hata makaburini.