Mwalimu Anaonekana, Kitambaa Hakionekani

Nimesumbuliwa wiki nzima. Watu wa chuo wametumwa kwangu, wakatumwa tena, eti mama mkubwa wa mwalimu ndiye anayemjua tangu hajaota meno, basi aandike. Mimi na kalamu hatujawahi kuelewana. Shule niliiacha darasa la tatu na sikuaga. Kwa nini wasiandike wao, wenye vyeti vya kujaza ukuta? Haya. Nitaandika kama mambo yalivyokuwa, na anayetaka maua akachume bustanini.

Mwalimu mwenyewe tumemwita Kiguu tangu utotoni, yaani kiguu na njia, kwa sababu hajawahi kukaa mahali akamaliza kikombe cha chai. Mama yake alikuwa akimfunga kitambaa kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza, apate nafasi ya kupika. Mtoto akaja jikoni na meza yake.

Amefundisha ushonaji katika chuo cha ufundi miaka kumi na mitano, na yote amefundisha kwa miguu: meza hii, meza ile, mkasi mkononi, utepe wa kupimia shingoni. Ana desturi moja aliyoirithi kwa fundi aliyemfunza kazi. Mwanafunzi hasimami mbele ya fundi. Anasimama nyuma ya bega lake, auone mkono wa fundi unavyokwenda kama vile ni wa kwake. Anayekosea akasimama mbele huondolewa. "Mbele ni pa wateja," Kiguu huwaambia.

Basi chuo kikaamua somo lake la kushona shati liende mtandaoni, watu wajifunze wakiwa makwao. Wakajiandikisha sitini na wanne. Mkuu wa chuo ni mtu mpole, ila upole wake humtoa mtu jasho. Alimweleza Kiguu kwamba hili ni jaribio. Ijumaa ya mwisho wa muhula, saa sita mchana, wakipatikana watu thelathini waliotuma picha ya shati walilolishona, somo litaendelea naye ataendelea nalo. Wakipungua, basi, darasa lake la zamani limeshapewa mwalimu mwingine, kwa hiyo. Hapo mkuu akakunja karatasi zake bila kumaliza.

Sasa, Kiguu ana mume, na huyo mume huchora mabango ya maduka. Mtaa mzima humwita Rangi. Ukiona kinyozi aliyeandikwa kwa herufi zenye vivuli vitatu na waridi kila pembe, hiyo ni kazi yake. Mkewe alipoambiwa kurasa za somo zipendeze, Rangi aliomba kazi hiyo kama anavyoombwa mchumba. Akazipamba. Kichwa cha habari chekundu chenye kivuli cha kijani, mawaridi manne, mkasi unaocheza, mishale inayowaka na kuzima. Kitufe cha kwenda mbele akakipaka dhahabu juu ya manjano, chini kabisa, kwa sababu dhahabu ni ya heshima. Na video ikapigwa Kiguu akiwa nyuma ya meza, ametazama mbele kama msoma habari, gauni la harusi za watu mwilini, anatabasamu. Wakaitazama pamoja mara tano. Hawakuona kasoro.

Somo la kwanza waliingia wote. La pili, arobaini na mmoja. La tatu, ambalo ndilo la kukata na kupachika mfuko, kumi na tisa.

Toka hapo usingizi na Kiguu wakawa mbalimbali, na mchana nao ulikuwa vilevile. Alikuwa akikoroga chungu kwa mkono mmoja na kufungua simu kwa mwingine kutazama idadi. Anaweka simu kabatini, anafunga kabati, anafungua kabati. Alilaumu mtandao, akalaumu uvivu wa vijana, akalaumu hata mwezi kuwa na siku chache. Aliwaandikia waliopotea, hakuna aliyejibu. Na hilo ndilo lililomchoma: darasani mtu akishindwa hukunja uso ukamwona, lakini hawa waliondoka kimya, kama waliotoka msibani kwa mlango wa uani.

Rangi akasema dawa ni kuongeza. Akaongeza kipepeo.

Wakabaki kumi na saba.

Asubuhi ya pili yake Kiguu alifanya analolijua. Alitoka kwa miguu. Katika orodha alimkumbuka mwanamke mmoja anayefagia zahanati, mama wa mapacha, aliyejiandikisha ili awashonee wanawe mashati ya shule kwa mkono wake mwenyewe. Akamkuta ndio anatoka zamu, ndoo bado iko mlangoni. Mama Pacha alipomwona alianza kujitetea, mara kazi, mara watoto, mara macho. Kiguu akamkatiza, akamwomba afungue somo pale pale kwenye benchi. Kisha akasimama nyuma ya bega lake.

Simu ilikuwa ndogo, na kioo kilikuwa na ufa toka pembe hadi pembe. Kidole cha Mama Pacha kikabonyeza waridi. Kimya. Kikabonyeza mkasi unaocheza, nao ukaendelea kucheza. Kikamfukuza kipepeo. Kitufe cha dhahabu alikipita mara tatu, na Kiguu aliyejua kilipo alihitaji kuinama ili akione juani. Mikono ikamwasha atake kuinyakua ile simu, akaifungia mgongoni.

Mwishowe video ikafunguka. Mwanamke akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza.

"Mwalimu," akasema polepole, "usinifikirie vibaya. Wewe nakuona vizuri sana, hata hereni nimezipenda. Kitambaa ndicho sikioni."

Kiguu akainama. Kweli. Uso wake ulijaa kioo kizima. Chini kabisa kulikuwa na utepe mwembamba wa kitambaa cheupe, na juu yake chaki ya manjano ambayo hata yeye aliyeichora hakuiona.

Mama Pacha akatoa mkobani kitu kilichokunjwa. Lilikuwa shati dogo, limeshonwa kwa mshono mnyoofu wa mtu mwenye subira, na mfuko uko kifua cha kulia badala ya kushoto. Alieleza kwamba aliufuata mkono wa mwalimu ulivyokwenda, akapachika alipouona. Watoto walichekwa shuleni wakaambiwa wamevaa mashati ya kiooni. Ndipo alipoacha.

Kiguu akaligeuza lile shati mkononi. Miaka kumi na mitano anawaondoa watu mbele ya meza yake, halafu mwenyewe akawapanga sitini na wanne, wote, mahali pa wateja.

Alirudi nyumbani karibu na kukimbia. Rangi alikuwa sebuleni anamtafutia kipepeo mwenzake. Kiguu alimweleza yote akizunguka kiti. Mume akaweka simu chini.

"Bango lisiposhtua, mtu anapita," akasema.

"Hawa hawapiti, baba. Wameshaingia dukani. Sasa bango lako limesimama kati yao na mali."

"Leo limekuwa langu, mama. Juzi lilikuwa letu."

Akachukua brashi zake akaenda kazini, na siku mbili wakawa wanasemezana kwa chumvi tu: nipe chumvi, hiyo hapo chumvi. Kiguu akajaribu kupiga video peke yake, simu ameishika kwa kidevu. Ikaanguka kitambaani mara nne. Rangi alimtazama kutoka mlangoni hadi akashindwa kuvumilia, maana mtu wa kazi hawezi kuona kazi ikifanywa vibaya. Akaleta ngazi yake ya kuchorea, akaisimamisha nyuma ya mkewe, akafunga simu kwa kamba juu ya bega lake la kulia.

"Badili kitambaa," akamwambia. "Weka buluu iliyoiva, chaki nyeupe. Na uso wako utoke."

Kisha akaketi akafuta. Alifuta kipepeo, mkasi, mishale, vivuli. Alisema kila ukuta huanza kwa kupakwa nyeupe, ila yeye huo weupe hajawahi kuuachia nafasi. Waridi la mwisho lilimshinda. Kiguu akamwambia aliweke ukurasa wa mwisho kabisa, walione waliomaliza tu. Kitufe kikawa kikubwa, cheusi juu ya nyeupe, nacho kimekaa palepale kila ukurasa.

Waliobaki wakawaambia wenzao, waliopotea wakaanza kuchungulia. Ishirini na wawili. Ishirini na sita. Wengine waliuliza kama ni kweli mwishoni kuna waridi.

Ijumaa ikafika. Saa tano na nusu zilikuwa picha ishirini na tisa. Katika ofisi ya mkuu Kiguu alikaa, akasimama, akanyoosha pazia lisilopinda. Mkuu akamwomba kwa upole aache kuzunguka, anamtia kizunguzungu. Dakika saba kabla ya saa sita simu ikalia. Ilikuwa picha ya Mama Pacha: watoto wawili wamesimama kwenye benchi la zahanati, mashati mawili, mifuko miwili, yote kushoto.

"Mashati mawili hayo," Kiguu akasema.

"Ninahesabu watu, mwalimu," mkuu akasema, akavaa miwani, akaandika thelathini.

Ungedhani sasa atakaa. Wapi. Jioni ile Rangi alimkuta ameshika orodha, anavaa viatu. Thelathini wamemaliza, thelathini na wanne hawajarudi, na hajui ni kitu gani hawakukiona. Mpaka leo anawatafuta, nyumba kwa nyumba, anasimama nyuma ya mabega ya watu.

Miguu yake si ya chuma, na mimi vidole vinaniuma. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama uliwahi kuacha somo katikati, lake au la mwalimu mwingine yeyote, ukaondoka bila kusema, nenda leo kamwambie ni nini hukukiona. Usiniletee mimi. Mwambie yeye, na usijitetee kwa macho.