Kibao cha saluni yangu kilitoka na sura ya mupinzani wangu

Wakuu, hodi humu. Mimi nyakulu wenu, bibi wa wajukuu, nilisoma kidogo tu, lakini majina ya watu haijanitoka. Hii niliiona na macho yangu.

Juzi mujukuu wangu Noëlla, iko designer, anachora matangazo, alikuwa analalamika mbele ya ordinateur, ile kompyuta yake: "Nyakulu, nimekosa inspiration!"

Nikacheka. Ngoja niwape yangu.

Ni wakati wa Zaïre, mutaa wetu wa Kadutu. Nilikuwa nasuka nywele na nyuzi barazani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa Maman Nabintu, naye musukaji. Kiburi yake, weee! Wateja wote kwake. Kwangu walikuja kuuliza njia ya kwenda kwake.

Bila kibao cha kuvuta watu, ningefunga kazi.

Nikaita Papa Lwaboshi, muchoraji. Yule hakuwa anabuni sura, lazima aone mutu. Walevi aliochora ku kuta za baa, tuliwajua wote, mupaka na wake zao.

"Maman, kaa nikuchore."

"Sura hii? Utafukuza hata wale wanaouliza njia!"

Basi nikamukalisha mudogo wangu Nsimire, nikamusuka, Papa Lwaboshi akachora.

Kibao kuisha, nywele ni za Nsimire, nyuzi zimesimama vizuri sana. Lakini chini ya nywele... Nabintu! Pua yake, shingo yake, hata kidoti cha shavu.

"Papa Lwaboshi, umeniua!"

"Asubuhi yote alikuwa anatuchungulia, maman. Hakuna mutu alitulia kama yeye."

Nikatundika vile vile.

Nabintu akavuka barabara, anawaka. "Sura yangu inafanya nini kwako?"

"Dada, yule wa kibao anakupita uzuri. Nasema uongo?"

Akatazama. Akatazama tena. Akashika kitambaa chake cha kichwa.

(Musukaji hawezi kujisuka kisogo, wakuu. Na Nabintu hakuamini mikono ya mutu mwingine. Kila siku kitambaa.)

Akanong'ona: "Unisuke kama yule. Lakini funga mulango."

Mulango gani? Mimi nilikuwa na baraza tu!

Kadutu nzima ikapita, ikamuona Nabintu ameketi katikati ya magoti yangu. Nilisuka polepole, sikuwa na haraka hata kidogo.

Kesho yake, wateja wakaanza kumuuliza yeye njia ya kuja kwangu.

Noëlla, acha kidogo hiyo ordinateur, angalia ng'ambo ya barabara. Sura ambayo mutaa unaijua ndiyo inasimamisha watu.

Na ninyi wachoraji, sura zenu munazitoa kwa nani? Semeni, nasoma polepole lakini nasoma yote.