Nyumba ya Pointi Themanini

Kolwezi kulikuwa na mtu aliyeamini karatasi kuliko macho yake mwenyewe. Alikaa katika ofisi moja ndogo ya mji, chumba cha mwisho, upande wa choo. Jina lake Kisimba Stanislas. Alitoka Manono, kaskazini ya mkoa uleule, akafika kijana, akamwoa Agnès, akazeekea kwenye kiti kilekile. Mtu mzuri, sikatai. Ila kuuliza kulimshinda.

Kazi yake ilikuwa kupima nyumba za zamani. Mwaka 1990 ilikuja barua kutoka juu: kila mji uchague majengo yake ya kumbukumbu, yaandikwe, yasibomolewe ovyo. Kisimba akapewa kazi kwa sababu ya mwandiko wake. Kila nyumba ilikuwa na fishi yake, karatasi ngumu ya maswali matano, na kila swali pointi ishirini. Imefika miaka arobaini? Nani aliijenga, alitoka wapi, na ushahidi uko wapi? Kulitokea nini ndani yake? Imebaki kama ilivyojengwa? Na la mwisho, watu wa mtaa wanaiitaje? Ikipata sitini inakwenda mbele ya tume ya watu watatu, kisha shefu, mkuu wa ofisi, anatia saini na muhuri, basi, nyumba imekuwa ya kumbukumbu. Haiuzwi, haibomolewi, haiguswi.

Barua ilifika, halafu mambo yakaanza kuanguka. Migodi ikazimika mmoja baada ya mwingine. Mishahara ikawa hadithi. Askari wakapora maduka mchana kweupe. Kisha watu wakubwa wakaanza kusema hadharani kwamba Wakasai, watu waliotoka mkoa wa Kasai, warudi kwao, na maneno hayo yakashuka mpaka sokoni, mpaka kwenye bomba la maji. Katika yote hayo hakuna aliyemwambia Kisimba aache kazi, naye hakuuliza. Kila asubuhi alifunga tai, akachukua futi yake ya chuma, akatoka kupima kuta katika mji uliokuwa unafungasha mizigo.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Tshiela.

Mama Tshiela alikuwa mshonaji, mjane, mwenye ulimi usiokaa kinywani. Baba yake, Kankolongo, alikuwa mwashi. Waliletwa kwa gari ya moshi kutoka Kasai mwaka 1937, yeye na wenzake, kuja kujenga kambi za wafanyakazi wa migodi, wakati Kolwezi yenyewe ilikuwa bado majani na vichuguu. Alijengea wengine miaka kumi, ndipo akajijengea yake. Saruji ya kizingiti ikiwa bado mbichi, akachukua msumari akaandika: KANKOLONGO 8-6-1947. Mwaka uliofuata Tshiela akazaliwa humo, chumba cha nyuma.

Siku ya kwanza Kisimba alipokiona kizingiti kile alipiga magoti na tai yake, akapitisha kidole kwenye kila herufi. Jina, siku, mwezi, mwaka! Kwa mtu wa fishi hiyo ni harusi.

"Tata Kisimba," Mama Tshiela akamwambia kutoka kwenye cherehani yake, "unasali, ao umeangusha kitu?"

"Mama, hii njo ushahidi. Pointi makumi mbili, bila maneno."

"Makumi mbili tu? Baba yangu alivunjika mugongo hapa. Ongeza kidogo."

Swali la tatu halikuhitaji hata kufikiri. Katika vita ya mwaka 78, watu kumi na tisa wa mtaa walijificha siku sita katika chumba kile cha nyuma, na mzee Kankolongo alitoboa ukuta usiku wa kwanza ili wapate maji ya jirani bila kutoka nje. Mmoja wa wale kumi na tisa alikuwa Agnès, mke wa Kisimba, na mimba ya miezi minane. Kisimba akaandika hayo, na pembeni pointi ishirini. Swali la nne alitoa sifuri, kwa sababu mabati yalibadilishwa baada ya vita. Haki ni haki. Mama Tshiela alicheka mpaka akashika ubavu.

"Sifuri! Ulitaka nikae chini ya matundu ya masasi?"

"Fishi inauliza kama imebaki vile ilijengwa, Mama. Haiulize juu ya mvua."

La tano lilikuwa rahisi. Aliuliza mtaa mzima, na wote, wakubwa kwa wadogo, walijibu jambo moja: pale ni "kwa Kankolongo". Jumla themanini. Hakuna nyumba nyingine iliyofika hapo katika zile thelathini na moja alizopima.

Mwezi wa nane mwaka 1992, dada mdogo wa Mama Tshiela, Blandine, akaja na mnunuzi wa nyumba. Blandine alikuwa ameshaona vya kutosha: duka la jirani limechomwa, mwalimu mmoja kapigwa njiani. Alitaka wauze, wagawane, wapande gari ya moshi wakati bado watu wanapanda kwa miguu yao wenyewe. Mama Tshiela akamwita Kisimba. Alitaka kusikia kwa mtu wa serikali.

"Nyumba yenye iko mu fishi haiuzwe," Kisimba akasema. "Tunangojea tu tume. Tume ikipitisha, hakuna mutu ataigusa. Ata mumoja."

"Na mwenye nyumba?" Mama Tshiela akauliza.

Kisimba akafungua mfuko, akatoa fishi, akaisoma juu mpaka chini. Swali hilo halikuwemo. Akaigeuza nyuma. Hamna.

"Mwenye nyumba eko ndani ya nyumba," akasema mwishowe. "Wakilinda nyumba, banalinda na ye."

Blandine akamgeukia dada yake. "Tshiela, huyu tata anapima majiwe. Twende."

Lakini Mama Tshiela hakwenda. Alimwamini Kisimba kwa sababu ya Agnès, kwa sababu ya siku zile sita, na kwa sababu mtu akitaka kubaki kwao hukubali hata neno dogo likimwambia baki. Blandine akaondoka peke yake. Mnunuzi naye akaenda zake.

Huko ofisini, sasa, mambo yalizidi kumchanganya Kisimba. Shefu mmoja aliondoka, akaja mwingine, na ufunguo wa kabati ukaenda na wa kwanza. Chumba cha pili kilijaa vijana asiowajua. Hawakuwa na tai, hawakuwa na barua ya kazi, lakini kila mtu aliwapisha. Walikuwa na orodha. Kisimba alidhani wametumwa kumsaidia, maana orodha yao ilikuwa na mitaa na namba za nyumba, sawasawa na yake. Kiongozi wao aliitwa Ngeleka, kijana mpole wa sauti, mwenye kujua kusikiliza. Siku moja akaingia chumba cha mwisho, akaketi kwa adabu.

"Tata, banasema we unajua mutu alitoka wapi, ata kama alifika zamani sana. Unafanya namna gani?"

Ee, Kisimba! Miaka miwili hakuna aliyemuuliza habari za kazi yake. Akamfungulia kasha lote la fishi. Akamweleza swali la pili, jinsi ya kumbana mwenye nyumba mpaka akumbuke kijiji cha baba yake, jinsi ya kutafuta jina kwenye kizingiti, kwenye boriti, nyuma ya mlango. Ngeleka alitikisa kichwa kila neno.

"Kazi ya akili sana, Tata. Tunaweza kuazima hizi fishi siku mbili?"

Kisimba akampa kasha kwa mikono miwili.

Jioni alimsimulia Agnès, amefurahi, kwamba vijana wa siku hizi wanapenda historia. Agnès aliacha kukoroga bukari, ugali wao wa jioni. "Vijana gani?" Kisimba akasema wale wa chumba cha pili. Agnès akaepua sufuria, hakula. Kisimba alidhani ni tumbo.

Siku mbili zikawa wiki tatu, kasha halijarudi. Mwezi wa tatu mwaka 1993 tume ikakutana. Badala ya watatu walikuwa wawili. Wa tatu alikuwa Mkasai na kiti chake kilikuwa tupu. Kisimba aliuliza kama wawili wanatosha, shefu akasema siku hizi kila kitu kinatosha. Hawakuuliza hata fishi ziko wapi. Walitaka kurudi nyumbani kabla barabara haijafungwa. Muhuri ukapigwa: nyumba ya Kankolongo, pointi themanini, jengo la kumbukumbu ya mji. Kisimba akachukua karatasi, wino haujakauka, akaenda mbio kama mtu anayepeleka habari ya mtoto kuzaliwa.

Alipofika aliwakuta vijana wa chumba cha pili wamejaa uani. Ngeleka alikuwa amesimama kizingitini, mguu wake juu ya mwaka 47, na mkononi ana karatasi ngumu. Kisimba aliutambua mwandiko kabla ya kuitambua karatasi. Ulikuwa wake.

"Jambo Tata," Ngeleka akasema kwa adabu ileile. "Mama anasema eko wa hapa. Lakini hapa iko nasema baba yake alitoka Ngandajika, kule Kasai. Njo we uliandika?"

Kisimba aliangalia ile fishi, akaangalia karatasi yake, hakujua aanze na ipi. "Njo mi niliandika," akasema. "Lakini niliandika juu ya nyumba. Hii haiko ya batu. Hii ni ya nyumba."

"Na batu beko ndani ya nyumba," Ngeleka akajibu.

Mama Tshiela aligeuka pale. Maneno yale alikuwa ameshayasikia, kwa kinywa kingine. Alimtazama Kisimba, naye akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, bila kujua bado kosa lake limeanzia wapi. Akainua karatasi yenye muhuri.

"Imelindwa!" akasema. "Leo. Shefu ametia saini. Hakuna ruhusa ya kugusa."

Ngeleka akaichukua, akaisoma yote, polepole, maana alikuwa kijana wa kusoma. Kisha akawageukia wenzake.

"Mumesikia? Hii nyumba haiguswe. Hakuna kuvunja mulango, hakuna kungoa mabati, hakuna kuchoma. Iko ya muji." Akamrudishia Kisimba karatasi. "Umefanya muzuri, Tata. Mama, chukua yenye unaweza kubeba."

Na ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Kwa jirani wa kushoto waling'oa mabati. Kwa jirani wa kulia waliwasha moto. Nyumba ya Kankolongo haikupoteza hata kitasa. Ile karatasi ilifanya kazi yake sawasawa.

Mama Tshiela alifunga shuka mbili, akabeba kichwa cha cherehani. Mlangoni alisimama. "Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe," akasema, kwa sauti ya kawaida tu. "Baba yangu balimupa truweli, mwiko ya kujengea, siku ya kwanza. Miaka makumi tano na sita. Tata Kisimba, nyumba inaomba miaka makumi ine juu ya kuwa ya hapa. Na mutu anaomba ngapi?"

Kisimba alitafuta, naapa alitafuta, katika kila karatasi aliyowahi kuandika. "Sijue, Mama," akasema.

Chini ya ile karatasi ya muhuri kulikuwa na mstari: mlinzi wa jengo, kama mwenyewe hayupo. Ngeleka alimwazima kalamu. Kisimba, mtu wa kujaza kila mstari, akaandika jina lake kabla hajafikiri. Mama Tshiela akaona. Akamwekea ufunguo mkononi, akaenda.

Mama Tshiela alikaa kwenye stasyo ya gari ya moshi wiki saba, pamoja na maelfu, chini ya shuka zilezile. Agnès alimpelekea chakula kila siku. Kisimba alikwenda mara moja. Alisimama mbele yake na kofia mkononi, akasema kizingiti anakifagia, jina halijafutika. Mama Tshiela akamwambia asante, akaendelea kuvuta uzi kwenye suruali ya mtoto wa mtu. Gari ilipokuja ilimchukua. Habari zake hazikurudi. Wengine walisema alifika Mwene-Ditu, wengine walisema hakufika.

Mwaka ulipogeuka, kanuni ilitaka jengo lipimwe upya. Kisimba akafunga tai, akaenda. Agnès alikataa kumsindikiza. Tangu siku ile hakuwahi kukanyaga uani pale. Miaka, sawa. Ushahidi, upo. Vita ya 78, ipo. Mabati, sifuri. Akabakiza la tano. Alijua jibu, lakini lazima liulizwe. Akavuka njia, akamwuliza mama mmoja muuza unga, mgeni mtaani, ile nyumba inaitwaje.

"Ile?" mama akasema, bila kumtambua. "Pale njo kwa Kisimba. Banasema alimuandika mwenye nyumba, bakamufukuza, akabakia nayo."

Akauliza wa pili. Akauliza wa tatu, mtu aliyejificha katika chumba kile mwaka 78. Huyu alimtambua. Aliinamisha macho, akajibu vilevile.

Kisimba akarudi akaketi kizingitini, fishi juu ya goti. Kanuni inasema liandikwe kama lilivyosikika mtaani. Akaliandika, kwa mwandiko wake mzuri: Kwa Kisimba. Na pembeni, pointi ishirini.