Maji Yaliyoombwa Kuketi

Watu wakiniuliza ni nani aliyenifundisha kazi yangu, hutaja chuo kwanza kwa heshima, halafu hutaja mbuzi. Wao hucheka. Mimi sicheki, maana nimesema kweli, na nimeacha kumtaja mwenye mbuzi kwa sababu tu yeye mwenyewe hapendi kutajwa.

Mimi ni mtu wa milimani, mahali ambapo ukidondosha kokwa la parachichi bila kukusudia, baada ya miaka michache una mti. Nilipopewa kazi Garissa, mama yangu alinifungia chai ya majani na sweta, kana kwamba pale pana baridi. Sweta ile niliitumia kama mto miaka yote miwili.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kwenye barabara inayotoka Garissa kwenda upande wa Dadaab palikuwa na daraja la zamani juu ya laga, yaani mto wa msimu, ambao huwa mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe. Mafuriko yalilivunja daraja lile, likajengwa jipya mahali palepale. Wakati wa ujenzi magari yalipitia pembeni, juu ya tuta la changarawe lililomwagwa kwenye laga. Tuta hilo liliziba kijito kidogo ambacho mvua ikinyesha hutoka kwenye laga na kuingia kwenye desheg. Desheg ni bonde la kina kifupi ambalo hushika maji kwa miezi baada ya mvua kuisha, likaota majani, ndege wakaja, na ng'ombe wakapata pa kunywea. Daraja lilipokwisha, tuta liliondolewa, lakini kijito kilikuwa kimezikwa, na ukingo wa desheg, ulioegeshewa malori na tingatinga kwa muda mrefu, ulikuwa mgumu mno. Siku yangu ya kwanza nilipiga mtaimbo pale nijaribu udongo. Ulilia kama nimepiga reli, ukanirudia mkononi. Mkataba ulisema nipafanye mahali pale pawe kama palivyokuwa. Sikuwa nimewahi kupaona palivyokuwa.

Aliyepaona alikuwa bibi mmoja mchuuzi wa maziwa. Kila mtu alimwita Ayeeyo, yaani nyanya, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Asubuhi alikaa kando ya barabara na vidumu vyake vya manjano, akiwauzia abiria wa mabasi maziwa yenye harufu ya moshi, kwa kuwa vyombo vya maziwa kule hufukizwa kwa vijinga vya moto kabla ya kutiwa. Nyumba yake, aqal ya fito zilizopindwa na mikeka, ilikuwa imesimama miaka mingi ukingoni mwa desheg, palepale yalipokuja kuegeshwa malori. Aliombwa ahame kwa muda, akahama. Tangu siku ile aliishi ng'ambo ya barabara chini ya turubali. Fito za nyumba yake zilikuwa zimefungwa mzigo mmoja kwa kamba, zimelazwa juu ya mawe zisiliwe na mchwa.

Nilimuuliza kwa nini hakujenga tena huko ng'ambo. Akaniambia kwa Kiswahili chake, bila haraka:

"Nyumba nafuata maji. Maji ikirudi, mimi narudi bahali yangu. Maji ikikataa, kijana yangu atachukua mimi mjini, Galbet, kwa nyumba yake ya bati. Nitakaa kule naangalia ukuta mbaka nikufe."

Alisema hivyo huku akimimina maziwa, bila kumwaga hata tone. Mimi ndiye niliyeshtuka. Mkataba wangu ulikuwa na kurasa nyingi, na hakuna hata moja iliyosema kwamba ninayemfanyia kazi ni mwanamke anayelala chini ya turubali pembeni mwa nyumba yake iliyofungwa kamba.

Basi nikafanya kazi kwa bidii, na kwa bidii hiyohiyo nikaharibu.

Nieleze vizuri hapa, kwa kuwa kosa lile ni la mtu wa kwetu hasa. Milimani maji hufukuzwa. Baba yangu alitulea na jembe mkononi tukichimba mitaro, kwa sababu maji yakisimama shambani viazi vinaoza, na yakisimama uani watoto wanaugua. Mtaro mzuri kwetu ni ulionyooka, wenye kingo laini, unaopitisha maji bila kuyachelewesha. Mtu akiwa na mtaro wa namna hiyo majirani humsifia. Nikapanga na dereva wa tingatinga, kijana wa Nairobi asiyeisha maneno, tukachimba kijito kipya kutoka kwenye laga mpaka kwenye desheg, kimenyooka kama rula. Kisha, ili maji yasituame yakaoza, nikachimba na mtaro wa kutokea upande wa pili, urudi kwenye laga.

"Madam, hii tumeipiga poa," dereva aliniambia, akaipiga picha kwa simu.

Kisha nikapanda miche niliyoagiza kutoka bustani ya kwetu, safu kwa safu, nikaizungushia wavu wa waya. Mbuzi wa Ayeeyo walipata tundu siku ya tatu. Nilipofika walikuwa wamekwisha kula safu nzima na wananitazama kwa utulivu. Hasira zangu ziko karibu siku zote, na siku ile zilitoka zote. Nilimpigia Ayeeyo kelele pale kando ya barabara, mbele ya basi zima la abiria, nikamwambia kwamba mbuzi wake ndio wanaomfukuza kwake, wala si daraja. Mwanamke wa umri wa nyanya yangu. Alichukua kikombe, akamimina maziwa, akaninyooshea. Sikukipokea. Kama kuna jambo moja ningependa kulifuta katika miaka ile, ni kikombe kile nilichokiacha hewani.

Miche iliyosalia haikuhitaji mbuzi ili ife. Upepo na jua vilitosha, ingawa lori la maji lilikuja kila jioni.

Kisha mvua za vuli zikanyesha. Nilisimama darajani nikiwa nimelowa chepechepe, nafurahi kama mtoto. Maji mekundu yalishuka kwenye laga, yakaingia kijito changu kilichonyooka, yakaingia desheg, yakaona mtaro wa kutokea, yakatoka. Yalipita mbio, yakabeba hata udongo mzuri kidogo uliokuwa umebaki. Siku mbili baadaye mvua ilipokatika, desheg ilikuwa na matope, na baada ya wiki ilikuwa na nyufa.

Wiki hiyohiyo kijana wa Ayeeyo alikuja kutoka Galbet na mkokoteni wa punda. Niliwaona kwa mbali wakizungumza kando ya ule mzigo wa fito. Nikajua kinachozungumzwa, na nikajua nani amekisababisha. Mkubwa ni jalala, husema wahenga, lakini siku ile taka zilikuwa zangu na aliyetupiwa ni yeye. Nikavuka barabara nikaenda kumwomba radhi, mbele ya mwanawe, kwa kuwa nilimtukana mbele ya watu.

Alinionyesha mkeka, nikaketi. Akanipa maziwa, nikanywa yote. Akanipa tena. Wala yeye wala mwanawe hawakuniuliza kilichonileta, na nilipoanza tu kusema, aliinua kiganja nimalize kwanza kikombe. Ndivyo desturi yao ilivyo. Mgeni haulizwi anakotoka wala anakokwenda kabla hajaketi, akanywa, akapumua. Nilipomaliza, niliomba msamaha wangu. Akaupokea kwa kutikisa kichwa, akageukia mambo ya maana.

"Gabar," akaniambia, na gabar ni msichana, ingawa mvi zilikwisha kuanza kunitoka, "maji ni mgeni. Nakuja mara mbili tu kwa mwaka, natoka mbali. Sasa wewe mgeni nakuja kwako, nafungua yeye mlango, halafu kabla hajakaa naonyesha yeye mlango ya kutoka. Hakuna mkeka. Hakuna maziwa. Yeye atafanya nini? Ataenda zake."

Nikabaki na kikombe kitupu mkononi. Nilikuwa nimesoma elimu ya maji kwa miaka minne, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa maneno machache hivyo. Nikamuuliza kama zamani kijito kilinyooka.

"Habana! Kilikuwa nazunguka zunguka kama mzee nasalimia watu. Hapa nasimama, hapa nakaa, hapa nalala. Bole bole."

Kisha akamgeukia mwanawe wakasemezana Kisomali kwa muda. Yule kijana alinitazama, akautazama mkokoteni wake, akaniambia mama amekubali kungoja mpaka masika, ambayo wao huita Gu. Ikipita Gu bila maji, atamchukua. Aliondoka na mkokoteni mtupu.

Tangu siku ile kiangazi kizima mwenye kazi alikuwa Ayeeyo. Mimi nilikuwa mwenye mkataba. Mhandisi msimamizi wa mkataba aliukubali mpango mpya kwa shingo upande. Tuliziba mtaro wa kutokea. Ayeeyo alitembea na fimbo yake kutoka kwenye laga hadi desheg, akifuata kumbukumbu yake, na dereva wa tingatinga alimfuata nyuma akichimba pale fimbo ilipopita, kona baada ya kona, akilalamika kwamba hajawahi kuchimba njia ya mlevi. Katika kila kona tulilaza matawi ya miiba tuliyoyagandamiza kwa mawe, ili maji yakifika yasimame kidogo na kutua udongo yalioubeba. Mahali pengine alisema tuchimbe vishimo vya kina cha goti, kama beseni. "Hii ni mkeka," alisema.

Halafu wakaja mbuzi. Nilikuwa nimewafungia nje kwa waya, naye akautaka ule waya uondolewe wote. Miezi ile ya ukavu mbuzi walikuwa wanashinda wakila maganda ya migunga. Ayeeyo alijenga ua wa miiba juu ya ardhi ile ngumu ya maegesho, akawalaza humo kwa siku chache, kisha akauhamisha ua hatua kadhaa, na tena, na tena, mpaka ukingo mzima ukawa umelaliwa. Kwato zilivunja lile ganda la juu lililoushinda mtaimbo wangu. Samadi ikajaa, na ndani ya samadi mlikuwa na mbegu za mgunga zilizopita tumboni zikalainika. "Wewe nafunga mbuzi nje," aliniambia siku moja akinitania, "basi nani ataleta mbegu? Lori?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimeagiza mbegu kwa lori kweli.

Asubuhi nilianza siku kwenye mkeka wake. Nilijifunza kunywa bila kuharakisha. Nilimweleza habari za kwetu, mvua ya kila wiki na matope yanayovua watu viatu, akasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za peponi, kisha akauliza kwa huruma ng'ombe wetu wanatembea wapi. Nilipomwambia hawatembei, wanafungwa na kuletewa majani, alisema Mungu awasaidie. Nikasema amina kwa niaba ya ng'ombe.

Gu ilichelewa. Mawingu yalikuja yakaondoka, na yule kijana alipiga simu mara mbili. Nilikuwa napima uso wa Ayeeyo zaidi ya ninavyopima mawingu. Aliendelea kuuza maziwa, lakini siku moja nilimkuta anakaza upya kamba za mzigo wa fito, kama mtu anayejiandaa na safari, nikarudi upande wangu wa barabara nikalia ndani ya gari.

Mvua ilikuja adhuhuri siku ya Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Tulisimama kwenye ukingo, mimi na dereva na Ayeeyo aliyejifunika turubali kichwani. Maji yalishuka kwenye laga kwa kishindo kilekile. Yakaingia kijito, yakagonga kona ya kwanza, yakapunguza mbio. Yakazunguka. Yakaingia kwenye kishimo, yakakijaza, yakamwagikia cha pili. Dereva alianza kuyashangilia kama timu. Yalipofika desheg yalikuwa yametulia, yakatandazika taratibu kuelekea kila upande, na hayakupata pa kutokea.

"Alhamdulillahi," alisema Ayeeyo. "Amekaa."

Yalikaa. Baada ya wiki mbili ukingo ulikuwa na rangi ya kijani ambayo sikuipanda. Baadaye majani yalifika kwenye kifundo cha mguu, na miche ya mgunga ikajitokeza bila safu yoyote. Korongo wawili walikuja, kisha wengine. Mkaguzi alipofika aliandika kwamba kazi imefanyika vizuri, akaandika jina langu. Nilimwomba aongeze la Ayeeyo. Akasema fomu haina nafasi, na Ayeeyo alipoambiwa akacheka, akasema afadhali.

Siku nilipokwenda kuaga, sikumkuta barabarani. Turubali halikuwepo. Nilimkuta ukingoni mwa desheg, mahali pake, ule mzigo umefunguliwa na fito zimetandazwa juu ya majani. Kwao nyumba hujengwa na wanawake. Aliniona na mkoba wangu wa safari, akajua, lakini hakuniuliza ninaondoka lini. Alininyooshea fito moja ndefu.

"Shika hapa," akasema. "Simamisha."

Niliuweka mkoba chini. Niliielekeza ncha ya fito kwenye ardhi, mahali palepale mtaimbo uliponirudia mkononi siku ya kwanza, nikajikaza nisukume kwa nguvu zangu zote. Haikuhitajika. Fito iliingia ardhini yenyewe, kina cha kiganja, kisha kina cha mkono, ikasimama.

"Haya," Ayeeyo akasema, akinipa ya pili.