Video za Mama Kwenye Akaunti ya Mtoto

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyeandika kwenye grupu la familia: kila mwenye picha au video yake azifute. Kwetu ndivyo tunavyomfanyia mwanamke aliyekufa, tunamsitiri. Watu wakajibu amina, wakafuta. Nami nilifuta zangu ndani ya gari, nje ya nyumba yake mtaa wa Hail. Sikulia siku hiyo wala zilizofuata. Walinisifu kwa subira. Haikuwa subira, nilikuwa sihisi kitu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, nikiendesha gari kutoka kwangu Amerat kwenda kazini, nikajaribu kuikumbuka sauti yake, ikakataa kuja. Maneno yake niliyakumbuka yote, hata ukali wake, lakini sauti hapana. Nikafika ofisini Khuwair, nikaegesha gari, nikafanya kazi hadi saa za kutoka.

Mdogo wangu wa kike anaishi Australia na binti yake wa miaka kumi na nne. Yeye ndiye aliyeniambia, akinong'ona kwenye simu kana kwamba nitampiga, kuwa mtoto hakufuta. Likizo ya mwisho alimrekodi bibi yake akipika vitumbua huku akimgombeza, na video kazificha kwenye akaunti yake ya mtandao wa picha, anaziangalia peke yake. Kwenye simu yenyewe hazimo, ziko huko tu. Nikasema, "Sawa." Nilifurahi, nakiri. Lakini mimi ndiye dada mkubwa niliyetoa amri, na sikujua niombe vipi nizione.

Halafu ikaja sheria ya huko: walio chini ya miaka kumi na sita wasiwe na akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Kazi yangu ni kutafsiri sheria na mikataba, kwa hiyo grupu zima likaniuliza mimi. Nikaeleza kwa raha zangu. Mzazi hata akiridhia haisaidii. Faini ni ya kampuni, si ya mtoto. Programu za kutumiana ujumbe hazimo kwenye marufuku, basi grupu letu halina shida. Mwisho nikaongeza kwamba mtoto apakue vitu vyake kabla akaunti haijafungwa. Niliandika hivyo tu, "vitu vyake". Sentensi iliyomtaja bibi niliiandika mara tatu, na mara tatu nikaifuta.

Akaunti ikafungwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nikamtumia mtoto ujumbe wa sauti kupitia simu ya mama yake. Nikamuuliza habari za shule, nikamuuliza joto la huko, ndipo nikamuuliza kama aliwahi kupakua.

"Nlipakua, mamkubwa. Picha za rafiki zangu zote nnazo."

"Na za bibi?"

Nikaosha sahani mbili nikingoja, nikazipanguza.

"Za bibi nlizifuta mwenyewe, kabla hawajafunga. Mama kanambia ushajua kama nnazo, na wewe ukasema sawa tu. Nkajua umekasirika."

Nilibonyeza kurekodi, nikaachia, nikabonyeza tena. Nikamwambia kafanya vizuri.