Sahani ya Mwanakuu

Kasisi alikuwa na mikono ya kubarikia, laini, kucha safi kuliko za bibi harusi, na Jael, mpishi wake, hakuwahi kuiona ikimenya hata kitunguu. Ramadhani ile ya wakati wa vita, mchele ukigawiwa kwa kipimo, Mwanakuu, jirani yao wa Makadara, alimletea kila magharibi sahani ya futari iliyofunikwa kawa. Kasisi alikula mpaka akaifuta sahani kwa kidole, kisha akairudisha na karatasi yenye tafakuri yake juu ya upendo wa jirani.

“Padri, huku sahani hairudi tupu,” Jael alimwambia. “Tia hata ndizi mbili.”

“Haiendi tupu, Jael. Inakwenda na Neno,” alijibu kwa sauti ya mimbarini, akipangusa miwani.

Siku ya kumi sahani ilikuja kama kawaida. Kasisi alifumba macho akashukuru kwa kirefu, kijiko tayari mkononi. Jael akaondoa kawa. Sahanini mlikuwa na karatasi tisa, zimekunjwa vizuri, na juu yake ndizi mbili.

“Amina,” alisema Jael.