Baba Alirudi Akaulizia Vespa Yake

Wakuu, baba yangu tulimlilia mwaka 2001. Mchungaji alihubiri mbele ya picha yake, ndugu wakalala kwetu siku nne, kisha wakagawana vitu vyake.

Mwezi wa saba 2010 akaingia uani kwetu Isansa, kavaa koti zito, mkononi ana mfuko wa plastiki. Mimi nilikuwa naanika kahawa.

Nikajikuta nimesema tu, "Shikamoo."

"Marahaba. Vespa yangu iko wapi?"

Miaka kumi na tano mtu haonekani, halafu swali la kwanza ni pikipiki.

Nirudi nyuma kidogo ili twende sawa.

Mzee Danieli alikuwa karani wa chama cha ushirika, anapima kahawa ya wakulima. Hiyo Vespa ya kijani aliinunua ikiwa mpya na hakuna aliyeruhusiwa hata kuiegemea. Wanunuzi binafsi walipoingia, ushirika ukayumba, watu wakapunguzwa kazi na yeye akiwemo. Mwaka 1995 akavuka Tunduma kwenda Zambia kutafuta maisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Aliniambia Krismasi itamkuta nyumbani.

Hakuandika hata barua. Mwaka 2001 dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba amekufa kwenye ajali huko Copperbelt, kwenye migodi ya Zambia, na kuzikwa huko huko. Nani angebisha?

Kwenye kugawana, Vespa ikaleta maneno. Hakuna aliyekubali mwenzake aichukue nzima, basi wakaifungua kipande kipande. Baba mdogo Deus akachukua injini, akaitengenezea mashine ya kupukuchulia mahindi. Shangazi Ikupa akaondoka na kiti. Magurudumu yakaenda kwenye mkokoteni. Bodi likabaki kwetu, kuku wakawa wanataga humo.

Hali ndiyo hiyo aliyoikuta.

Mama yangu, Tabita, alitoka jikoni akamtazama muda mrefu.

"Karibu," alisema. "Maji ya kuoga yapo."

Akarudi jikoni. Hakumuuliza kitu siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Mimi sikuweza. Nilikuwa na swali moja tu kifuani: alikuwa wapi, na kwa nini hakurudi kwetu? Siku ya tatu nikamfuata alipokuwa anaota jua.

"Baba, ulikuwa wapi?"

Akakohoa kwanza. Alirudi na kikohozi kibaya sana.

"Nirudishie Vespa yangu, Anyosisye. Siku itakayowaka na vyuma vyake vyenyewe, nitakaa nikueleze yote. Sitaficha."

Nikaona huo ni mteremko. Kumbe nilikuwa sijui ninachoingia.

Nikaanza mzunguko wa ndugu. Shangazi Ikupa nilimkuta amekalia kile kiti jikoni, anakoroga ugali.

"Shangazi, baba anataka kiti chake."

"Maiti inadai?"

"Si maiti tena, shangazi."

"Sasa mimi nikae wapi?"

Nilimpelekea kiti cha plastiki. Alikikalia siku hiyo hiyo akasema kinayumba, na mpaka leo ananilaumu.

Baba mdogo Deus alikuwa mgumu zaidi. Ile mashine ndiyo iliyokuwa inamlisha. Aliingia ndani, akatoka na spana akaifungua injini mwenyewe bila kuniangalia. Ilinikaa vibaya rohoni. Wakati naondoka akaniambia, "Kabureta yake mimi sikuikuta. Siku ile ya kugawana haikuwepo. Hii niliyofunga ni ya jenereta."

Basi kabureta, kile kidude cha kuingizia petroli kwenye injini, ndiyo iliyonimaliza.

Vespa yote ilishapatikana. Fundi Seleman, Mtanga mmoja mwenye gereji Tunduma, aliinyoosha bodi, akaipiga rangi ile ile ya kijani, akabadilisha ringi na plagi. Baba alikagua kila nati akakubali. Kilibaki hicho kidude kimoja cha kuingia kwenye kiganja.

Nilitafuta Mlowo. Nilitafuta Mbeya mjini. Nilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, mara sita, nikawa nafahamika kwa wauza spea. Nikitokea tu mlangoni mama mmoja anapunga mkono, "Tapali, mwana." Yaani hakuna, mwanangu, usijichoshe hata kuingia.

Mwaka ukaisha. Baba akazidi kukonda.

Siku moja Seleman akaniambia, "Kaka, unamwua mzee kwa kusubiri. Nakufungia ya mchina, inawaka leo leo, yeye atajulia wapi?"

Nikakubali. Sioni aibu kusema.

Tukaileta Isansa kwa pikapu, tukaishusha uani, Seleman akapiga kiki. Ikawaka, tena vizuri tu. Mimi machozi yalinilenga.

Baba akatoka ndani anajishikilia ukuta. Akasimama, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Hiyo si sauti yake," alisema. "Zimeni."

"Baba, imewaka."

"Zimeni."

Akarudi kulala. Seleman alikusanya spana zake. Nilimwangalia mama aliyekuwa anapepeta maharage pale mlangoni, nikitegemea angalau aseme kitu cha kunitetea. Aliendelea kupepeta.

Mwezi wa kumi na moja 2011 tulimlaza hospitali. Daktari aliniita pembeni akaniambia mapafu yamechoka. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake, mtu mzima na ndevu zangu.

"Baba, achana na Vespa. Niambie tu. Hata kidogo."

Alinishika kichwa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu arudi.

"Tulikubaliana nini, mwanangu?"

Alifariki Jumapili hiyo. Tukamlilia mara ya pili, na safari hii tulikuwa na mwili. Kabla hata turubai halijashushwa, baba mdogo aliniuliza kwa upole kama anaweza kurudishiwa injini.

Wageni walipoisha, mama akaniita jikoni. Akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya rafu. Ndani mlikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha kitenge.

Sikuhitaji kufungua. Uzito tu ulinitosha.

"Nilikichomoa usiku wa kuamkia kugawana," alisema. "Walikuwa wanachukua kila kitu. Nilitaka nami nibaki na chochote chake."

"Mama, mwaka mzima na zaidi umeniona nahangaika."

"Nimekuona, na nimeumia."

"Sasa kwa nini?"

Akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Angesema kuna mwanamke kule, kuna watoto, ningefanya nini? Ukoo wote ungetaka nimfukuze. Na mimi mwenyewe ningetakiwa nijisikie kumfukuza. Mimi nilimtaka akae, Anyosisye. Nilimsubiri mno."

Kitu kikanijia.

"Yeye alijua unayo?"

"Siku ya pili tu aliporudi, wewe hujamuuliza bado. Alikuwa anatafuta sukari, akafungua hili kopo. Mimi nimesimama hapo. Akaangalia, akalifunga, akalirudisha alipolitoa. Akaniomba chai."

Wakuu, nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Mmoja yuko kaburini. Mwingine ni mama yangu, kakaa sakafuni analia bila sauti.

Wiki iliyofuata Seleman aliifunga ile kabureta. Vespa ikawaka kiki ya pili, na kweli sauti ilikuwa tofauti, nzito na ya taratibu. Niliiacha ikinguruma pale uani. Nilisubiri, sijui nilikuwa nasubiri nini, mpaka petroli ikaisha ikazimika yenyewe.

Kama kuna cha kujifunza ni hiki. Mtu uliyemuuliza swali la moyoni akikupa sharti, usikimbilie kulitimiza. Kaa kwanza umsikilize vizuri. Baba yangu alinijibu siku ile ya tatu. Alisema hapana, kwa upole kadiri alivyoweza, na mimi nikaondoka kwenda kutafuta spea.